Kwa nini vyama hubadili msimamo kuhusu hospitali uchaguzi unapokaribia

Msomaji mmoja anayeishi katika mji mdogo nchini Uingereza ameuliza hivi: kuna mpango wa kuhamisha idara ya dharura na wodi ya wazazi kutoka hospitali ya mji wao kwenda hospitali kubwa ya mji wa jirani. Miaka michache iliyopita chama tawala kiliutetea mpango huo, na chama cha upinzani kikaandamana kuupinga. Sasa uchaguzi umekaribia, na mgombea wa chama tawala ndiye anayegawa vipeperushi vya kuiokoa hospitali, ilhali wapinzani, ambao wanatazamiwa kushinda, wamepunguza sauti na kusema tu kwamba watauangalia upya mpango huo. Anataka kujua kama kuna chama anachoweza kukiamini, na kama kuna namna ya kutambua mapema ni ahadi ipi itakayobaki baada ya kura kuhesabiwa.

Nitatoa jibu kwanza, kisha nieleze sababu zake. Msimamo wa chama kuhusu hospitali hautokani sana na itikadi yake, bali na umbali wake kutoka kwenye uamuzi. Chama kisichotarajiwa kutia saini hupinga, chama chenye wajibu wa kutia saini hutetea, na mbunge wa chama tawala ambaye jimbo lake ndilo linalopoteza huduma hujikuta akiipinga mtaani serikali anayoiunga mkono bungeni. Anachokishuhudia msomaji wetu ni vyama viwili vinavyobadilishana nafasi: kimoja kinajiandaa kuondoka madarakani na kingine kinajiandaa kuingia. Kwa hiyo swali la chama kipi cha kuaminiwa halina jibu litakalodumu zaidi ya uchaguzi mmoja. Swali la pili, la kuipima ahadi yenyewe, linajibika.

Kabla ya siasa, ni haki kuueleza mpango wenyewe, kwa sababu kampeni huusimulia kana kwamba ulitungwa na wahasibu peke yao. Fedha zimo, na asiyekiri hilo hasemi kweli. Lakini kinachoziangusha hospitali ndogo mara nyingi zaidi ni upungufu wa madaktari wa kujaza zamu. Idara ya dharura haiwezi kusimama peke yake. Nyuma yake lazima kuwe na upasuaji wa dharura, madaktari wa usingizi, chumba cha wagonjwa mahututi, maabara na vipimo vya picha saa zote za usiku na mchana. Wodi ya wazazi inayopokea uzazi wenye hatari inahitaji daktari wa uzazi, daktari wa usingizi na daktari wa watoto walio tayari kufika kitandani kwa dakika chache. Ili nafasi moja tu ya zamu ijazwe mwaka mzima, ukihesabu likizo, maradhi na mafunzo, wanahitajika madaktari wapatao wanane wa ngazi ileile. Tangu Agosti 2009, madaktari walio mafunzoni wamewekewa kikomo cha wastani wa saa 48 za kazi kwa wiki, na hospitali zilizokuwa zikiendesha usiku wao kwa kuwakesha madaktari vijana ndizo zilizotikisika kwanza. Sababu hizi hazibadiliki serikali inapobadilika, na ndiyo maana mpango uleule hufufuka chini ya waziri wa chama kingine, ukiwa na jina jipya na jalada jipya.

Ushahidi wa kitabibu nao haukai upande mmoja. Mwaka 2010 jiji la London lilikusanya matibabu ya saa za mwanzo za kiharusi katika vituo 8, badala ya kuyaacha yametawanyika katika hospitali takriban 30, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba vifo vilipungua zaidi ya ilivyokuwa ikitokea kwingineko nchini. Mfano huu huletwa karibu kila ukumbi ambamo mpango wa kuhamisha huduma unajadiliwa, na ni mfano wa kweli. Hata hivyo kiharusi katika jiji lenye barabara fupi na magari mengi ya wagonjwa hakiwezi kuwa hoja ya kufunga wodi ya wazazi katika mji ulio umbali wa saa nzima kutoka hospitali nyingine. Utafiti wa mwaka 2007 kuhusu wagonjwa mahututi waliobebwa na magari ya wagonjwa nchini Uingereza ulikuta kwamba kila kilomita 10 za ziada ziliambatana na ongezeko la takriban pointi moja ya asilimia katika kiwango cha vifo. Kisha utafiti wa mwaka 2018, uliofuatilia miji mitano iliyopoteza idara zake za dharura kati ya 2009 na 2011, ikiwemo Hartlepool, Rochdale na Newark, haukupata ushahidi thabiti kwamba vifo viliongezeka. Wala haukupata ushahidi kwamba hali ya wagonjwa iliboreka. Mwanasiasa anayenukuu mmoja kati ya tafiti hizi na kuzificha nyingine anawanyima wapiga kura wake jambo wanaloweza kulielewa vizuri kabisa.

Sasa twende kwenye siasa, na hakuna mahali pa kuanzia panapofaa kuliko Kidderminster. Chini ya serikali ya Labour, idara ya dharura ya hospitali ya mji huo ilifungwa mwaka 2000 na huduma zikapelekwa Worcester. Mbunge wa Labour wa jimbo la Wyre Forest, David Lock, aliyekuwa pia na wadhifa serikalini, aliutetea uamuzi huo. Katika uchaguzi wa Juni 2001, daktari bingwa mstaafu wa hospitali hiyohiyo, Richard Taylor, aligombea nje ya vyama vikubwa kwa hoja moja ya hospitali, na Liberal Democrats wakaamua kutosimamisha mgombea dhidi yake. Alishinda kwa tofauti ya kura 17,630, na mwaka 2005 akashinda tena. Idara ya dharura haikurudi. Huo ndio upande wa hadithi unaosahauliwa: wananchi walipata mbunge waliyemtaka na bado hawakupata walichokipigia kura, kwa sababu mbunge mmoja, hata akiwa daktari na hata akiwa na wingi wa kura namna ile, hawezi kuajiri madaktari wala kufungua wodi.

Kilichobadilika ni mwenendo wa vyama vyote. Tangu hapo kila mbunge mwenye hospitali ndogo jimboni alijua kwamba kutetea mpango wa namna hiyo kunaweza kumgharimu kiti, na makao makuu ya vyama yalijua hivyo pia. Mwishoni mwa mwaka 2006 Hazel Blears, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Labour na mmoja wa mawaziri, alijiunga na waandamanaji waliopinga kuondolewa kwa huduma za uzazi katika hospitali ya Salford, alikokuwa mbunge, ingawa mabadiliko hayo yalitokana na sera ya serikali aliyomo. Wanauchumi waliochunguza hospitali za umma za Uingereza, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, walikuta kwamba hospitali huwa na uwezekano mdogo wa kufungwa zinapokuwa katika majimbo yenye ushindani mkali. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngozi inayovutwa ni hospitali ambayo watu hawajui kama itakuwa wazi watakapoihitaji.

Mfano unaofanana zaidi na hali ya msomaji wetu ni wa hospitali ya Chase Farm, eneo la Enfield, kaskazini mwa London. Mpango wa kuondoa idara yake ya dharura na wodi ya wazazi ulikubaliwa wakati Labour ikitawala. Conservative, wakiwa upinzani, waliupinga waziwazi, na ilani yao ya mwaka 2010 iliahidi kukomesha ufungaji wa kulazimishwa wa idara za dharura na wodi za wazazi. Mwezi Mei mwaka huo, siku chache baada ya kuingia madarakani, Waziri wa Afya Andrew Lansley alikwenda Chase Farm kutangaza kwamba mabadiliko ya aina hiyo yamesimamishwa hadi yatimize masharti manne, yakiwemo kuungwa mkono na madaktari wa familia wa eneo husika na kuwa na ushahidi wa kitabibu ulio wazi. Septemba 2011 waziri huyohuyo aliuidhinisha mpango uleule, na Desemba 2013 idara ya dharura ikafungwa. Kiti cha Enfield North, ambacho Labour walikipoteza kwa Conservative mwaka 2010, kilirudi kwa Labour mwaka 2015, ingawa mbunge wa Conservative aliyekishika alikuwa ameupinga uamuzi wa serikali yake. Kura huamuliwa na mambo mengi, nami sidai kwamba hospitali peke yake ndiyo iliyokigeuza kiti hicho mara mbili. Ila hakuna mkazi wa Enfield aliyehitaji kuelezwa kwamba chama kilichoanzisha mpango na chama kilichoahidi kuuzuia vilikuwa vimebadilishana mahali.

Angalia pia namna ahadi yenyewe ilivyosogea. Ilani ilizungumzia ufungaji wa kulazimishwa. Makubaliano ya serikali ya mseto ambayo Conservative waliunda na Liberal Democrats, yaliyoandikwa wiki chache baadaye, yalizungumzia ufungaji unaoamriwa kutoka makao makuu. Kwa msomaji wa haraka ni jambo moja. Kwa hakika tofauti ni kubwa, kwa sababu mpango unaopendekezwa na viongozi wa afya wa eneo husika hauwezi kuitwa amri ya makao makuu, na kwa hiyo hauguswi na ahadi. Ninaposoma kipeperushi cha kampeni, mahali pa kwanza ninapotazama ni kivumishi kilichobandikwa kwenye kitu kinachopingwa: kufungwa bila ulazima, kufungwa kwa siri, kufungwa kabla ya wakati. Kila kivumishi ni mlango uliobaki wazi.

Ng'ambo ya bahari, Ireland ilipitia jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Kabla ya uchaguzi wa Februari 2011, kiongozi wa chama cha upinzani cha Fine Gael, Enda Kenny, aliwaahidi watu wa Roscommon hadharani kwamba huduma za hospitali yao zitaendelezwa. Julai mwaka huohuo, akiwa waziri mkuu, idara ya dharura ya Roscommon ilifungwa, na serikali ikaeleza kwamba mamlaka ya ubora wa huduma za afya ilikuwa imetoa tahadhari kuhusu usalama katika hospitali ndogo za aina hiyo. Mbunge wa Fine Gael, Denis Naughten, aliipinga serikali kwa kura yake na kuondolewa katika kundi la wabunge wa chama. Tahadhari ile ya usalama sikuiona kuwa kisingizio tupu. Lakini ripoti ya mamlaka hiyo kuhusu hospitali nyingine ndogo, ya Ennis, ilikuwa imetoka tangu mwaka 2009, na mtu anayeomba kura mwaka 2011 alikuwa na kila nafasi ya kujua upepo unavuma kutoka wapi. Aliyeahidi bila kuisoma alikosea, na aliyeahidi baada ya kuisoma alikosea zaidi.

Je, ahadi hizi hazitimizwi kamwe? Hutimizwa, na Scotland ndiyo ushahidi. Mwaka 2006 serikali ya Labour na Liberal Democrats iliidhinisha kufungwa kwa idara za dharura za Monklands na Ayr. Chama cha kitaifa cha Scotland, SNP, kiliahidi kuubatilisha uamuzi huo, kikashinda uchaguzi wa Mei 2007, na mwezi uliofuata Waziri wa Afya Nicola Sturgeon akaubatilisha. Tofauti na Chase Farm haikuwa katika moyo wa wanasiasa. Ahadi ya Scotland ilitaja hospitali kwa majina. Ilitolewa na chama ambacho kingekuwa na mamlaka ya moja kwa moja juu ya bodi za afya. Na huduma zilikuwa bado zipo, hazijahamishwa wala madaktari wake hawajatawanyika. Ni rahisi mara nyingi zaidi kuizuia idara isifungwe kuliko kuifungua iliyokwisha kufungwa.

Suala la mamlaka lina sura mpya ambayo msomaji wetu anapaswa kuijua. Kwa muda mrefu mawaziri wa Uingereza walikuwa na kinga nzuri: mpango ukileta ghasia, walisema ni uamuzi wa wataalamu wa eneo husika. Kuanzia mwaka 2003 halmashauri zilikuwa na uwezo wa kupeleka mgogoro kwa waziri, naye akawa na jopo huru la kumshauri. Kwa sheria ya afya ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika katika eneo hili tarehe 31 Januari 2024, uwezo huo wa halmashauri uliondolewa, na badala yake waziri akapewa mamlaka ya kuuingilia mpango wowote katika hatua yoyote. Halmashauri, mwananchi au kikundi chochote kinaweza kumwomba afanye hivyo. Maana yake ni kwamba chama kinachotarajia kuunda serikali hakiwezi tena kusema mikono yake imefungwa. Na kinyume chake, mgombea wa bunge la Uingereza lililoko London anayeahidi kuiokoa hospitali iliyo Wales au Scotland anaahidi kitu kilicho chini ya serikali nyingine.

Mahakama nayo ni njia, ingawa ni nyembamba. Wakazi wa Lewisham, kusini mwa London, waliishinda serikali katika Mahakama Kuu mwezi Julai 2013 na katika Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba, baada ya Waziri wa Afya kutaka kupunguza huduma za hospitali yao ili kutatua matatizo ya fedha ya taasisi jirani. Walishinda kwa sababu mamlaka yaliyotumika hayakuifikia hospitali yao. Mwaka uliofuata bunge lilibadilisha sheria na kuyapanua mamlaka hayo. Ushindi wa Lewisham ulibaki kwa Lewisham.

Nafika sasa kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko kubadilika kwa misimamo kwenyewe, nalo ni muda unaopita katikati. Katika wiki za mwisho kabla ya uchaguzi, taasisi za umma hujizuia kutangaza maamuzi yenye ubishi, kwa hiyo mpango husogezwa mbele. Serikali mpya ikiingia huomba muda wa kuupitia. Kila upande huona kwamba kusubiri hakumgharimu mtu, lakini hospitali ambayo hatima yake haijulikani haiwezi kuajiri. Daktari kijana anayechagua mahali pa kujenga kazi yake haendi kwenye idara inayosemwa kwamba itafungwa. Mkunga mzoefu akipata nafasi kwingine huondoka. Pengo hujazwa na madaktari wa muda wanaolipwa ghali na wasiowajua wenzao. Kisha usiku mmoja zamu haijai, na idara inafungwa kwa sababu za usalama, kwa muda tu, bila ule utaratibu mrefu wa kukusanya maoni ya wananchi. Huko Grantham, Lincolnshire, idara ya dharura ilianza kufungwa usiku mwezi Agosti 2016 kwa sababu ya upungufu wa madaktari, hatua iliyotangazwa kuwa ya miezi mitatu hivi. Idara ile haikurudi tena kuwa idara kamili ya dharura ya saa 24. Hakuna chama kilichowahi kuomba kura kwa kuahidi jambo hilo, na ndilo lililotokea. Kwa sababu hiyo ahadi ya kuuangalia upya mpango, ambayo husikika kama ahadi ya upole, huenda ikawa yenye madhara makubwa kuliko zote ikiwa haina tarehe ya mwisho wala haisemi ni nani atakayejaza zamu katika kipindi hicho.

Tarehe ni muhimu hata pale vyama vyote vinapokubaliana. Mwaka 2019 Conservative waliahidi hospitali mpya 40 za Uingereza kufikia 2030. Labour waliingia katika uchaguzi wa 2024 wakiahidi kuutekeleza mpango huo. Na Januari 2025 serikali ya Labour ikatoa ratiba mpya ambamo ujenzi wa baadhi ya hospitali hautaanza kabla ya 2035. Hakuna aliyeifuta ahadi. Ilisogezwa tu zaidi ya umri wa baadhi ya watu waliokuwa wakiisubiri.

Kwa hiyo ningemshauri msomaji wetu asipoteze muda mwingi kwa mgombea wa chama tawala anayegawa vipeperushi, kwa kuwa chama chake kilikuwa na miaka ya kuuzuia mpango na hakikuuzuia. Amwendee anayetarajiwa kushinda, na amwandikie kwa maandishi sasa, wakati kura bado ina bei. Amuulize kama atamwomba waziri auingilie mpango, na katika miezi mingapi ya kwanza. Amuulize ni huduma ipi hasa anayoahidi kuibakiza: idara ya dharura yenye upasuaji na chumba cha wagonjwa mahututi nyuma yake, au kituo cha majeraha madogo chenye kibao cha zamani mlangoni? Wodi ya wazazi yenye madaktari usiku na mchana, au kituo cha wakunga peke yao? Vyote viwili vinaweza kuwa huduma nzuri, lakini si kitu kimoja, na kampeni nyingi huviita kwa jina moja. Amuulize pia, kukiwa na upungufu wa madaktari, watatoka hospitali ipi, kwa sababu daktari anayeongezwa huku mara nyingi huondolewa mahali ambako nako kuna wapiga kura.

Na wakati akisubiri jibu, asome nyaraka za bodi ya hospitali yake. Bodi hizo hukutana hadharani na kuchapisha taarifa zao, na ndani yake huonyeshwa nafasi za kazi zilizo wazi na mara nyingi fedha zinazolipwa kwa madaktari wa muda. Ikiwa nafasi za madaktari wa dharura na wa uzazi zimeanza kujazwa kwa ajira za kudumu, hospitali ina uwezo wa kubaki ilivyo, na inafaa kupigania mpango usimamishwe kabisa. Ikiwa nafasi hizo zinazidi kuwa tupu kila robo ya mwaka, basi mapambano yenye faida ni mengine: magari ya wagonjwa ya ziada, usafiri wa jamaa za wagonjwa, vitanda vya kutosha katika hospitali ya jirani, na sharti kwamba hakuna kinachohamishwa kabla hivyo havijawa tayari. Hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye barua kwa mgombea, kwa tarehe na kwa idadi, na mgombea anaweza kuyajibu kwa ndiyo au hapana.